Kufuata Maana, Si Maneno: Somo la Kiswahili Kutoka Kaaleng

Juma hili twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, wa mjini na wa mashambani, juu ya jambo moja la lugha ambalo watu wengi hulipuuza kwa kuwa hawalioni. Jambo hilo ni kusema Kiswahili kama kisemwavyo na wenyewe, wala si kama kifasiriwavyo neno kwa neno kutoka katika lugha nyingine. Mifano yetu tumeiweka Kaaleng, kaskazini mwa Turkana, kwa sababu huko kosa la lugha haliishii katika kuchekwa tu. Huweza kumkosesha mgonjwa dawa yake, au kumfanya mtu aliyeibiwa aonekane kuwa ndiye mwizi.

Safari ya Neno

Kaaleng iko kaskazini zaidi kuliko Lodwar na Kakuma, katika njia za kuelekea mipaka ya Ethiopia na Sudan Kusini. Pamoja na Kaikor, hufanya wadi moja ya Turkana Kaskazini. Ni nchi kavu, na wengi wa wenyeji ni wafugaji wa mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda, wahamao kufuata malisho na maji. Lugha ya nyumbani ni Ng'aturkana, ambayo ni ndugu ya lugha za Wakaramojong wa Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia. Kiswahili, basi, si lugha ya kunyonya kwa mama. Ni lugha ya duka, ya shule, ya kituo cha polisi, ya zahanati, na ya baraza la chifu.

Sasa na tufuate safari ya neno moja la serikali. Neno hilo huandikwa kwanza kwa Kiingereza, katika ofisi ya Nairobi au ya Lodwar. Afisa hulichukua karatasini, naye akisimama mbele ya watu huligeuza papo hapo kuwa Kiswahili. Kando yake husimama mkalimani, ambaye hulichukua Kiswahili kile na kuligeuza kuwa Ng'aturkana kwa ajili ya wazee waliokaa juu ya vigoda vyao chini ya mti. Mkalimani huyu hakuiona ile karatasi. Yeye hana kitu ila Kiswahili alichopewa, na Kiswahili hicho kikiwa kimepinda, hana namna ya kujua kilipindwa wapi. Atakipeleka mbele vile vile, na pengine atakipinda tena kwa kutafuta maana isiyokuwamo.

Twaa maneno haya ambayo siku hizi husikiwa kila mahali, hata redioni: "Mwisho wa siku, kila mtu atapata chakula." Msemaji ameyatoa katika Kiingereza, ambamo usemi huo ni wa kufungia hoja tu, nao hauna habari ya jua wala usiku. Lakini katika Kiswahili siku ni siku, na mwisho wake ni magharibi. Mzee wa Kaaleng akifasiriwa maneno hayo ataelewa kwamba chakula kitagawiwa jua likitua, naye atamtuma mtoto na punda aende kungoja. Laiti afisa angalisema "hatimaye", au "mwishowe", au asingaliweka neno lolote pale mbele, mtoto yule angalibaki na mbuzi zake.

Tena kuna hili: "Kamati imekuja juu na mpango mpya." Mwingereza husema hivyo kwa maana ya kubuni jambo. Lakini Mswahili akisema fulani amekuja juu, maana yake amekasirika, amepandwa na hasira. Wasikilizaji watajiuliza kamati imekasirishwa na nani. Neno lilikuwapo tayari, nalo ni fupi: kamati imebuni mpango, au imetunga mpango. Vivyo hivyo na duka. Kwa Kiingereza mtu hutajwa kwa kitenzi kile kile cha kukimbia akiwa ni mwenye kusimamia biashara. Ukisema kwa Kiswahili "fulani anakimbia duka", umesema analitoroka, na wenye kumwia deni wataanza kumtafuta. Anaendesha duka, au kwa wepesi zaidi, ana duka.

Hatusemi kwamba kila usemi uliotoka nje ufukuzwe. "Kuchukua hatua" watu wengi huhesabu kuwa umetoka katika Kiingereza, lakini umekwisha kaa kitako katika Kiswahili na kila mtu anauelewa, huo uachwe. Kipimo si ukoo wa usemi. Kipimo ni msikilizaji asiyejua Kiingereza: je, akisikia ataona jambo lile lile uliloliona wewe?

Katika Zahanati

Hapa ndipo pa hatari zaidi, nasi tutakaa kidogo.

Tuseme mama amemleta mtoto wake kwa mara ya pili. Mwuguzi, ambaye masomo yake yote ya uuguzi aliyapata kwa Kiingereza, anamwuliza: "Mama, mtoto hakunywa dawa?" Mama anajibu: "Ndiyo." Mwuguzi anaandika kwamba mtoto amekunywa dawa na dawa haikumfaa, kwa hiyo anaongeza, au anabadilisha. Kumbe mama amesema kinyume chake. Katika Kiswahili, "ndiyo" huitikia maneno ya mwulizaji kama yalivyo: ndiyo, ni kweli usemavyo, hakunywa. Kama mtoto angekuwa amekunywa, mama angejibu: "La, amekunywa." Kiingereza hufuata njia nyingine, jibu lake huangalia tendo, wala haliangalii swali. Mama na mwuguzi wote wawili wamesema vizuri, kila mmoja kwa desturi anayoifuata, na katikati yao mtoto amepewa dawa isiyomstahili.

Dawa ya jambo hili ni rahisi. Usimwulize mgonjwa swali lililokwisha kuwa na "si" au "ha" ndani yake. Uliza: "Mtoto amekunywa dawa, au hajanywa?" Naye mjibuji asiseme ndiyo wala la, bali akitaje kitenzi chenyewe: "Amekunywa," au "Hajanywa." Hata aliye mgeni kabisa wa Kiswahili hawezi kupotea hapo. Na tuangalie pia uzuri wa hilo "hajanywa". Si sawa na "hakunywa". Hakunywa, mambo yamekwisha. Hajanywa, bado twatazamia atakunywa. Mwuguzi aliyezoea tofauti hii atajua, kwa silabi moja tu, kama chupa ya dawa imemwagika au ingali nyumbani imefungwa.

Kwa sababu hiyo hiyo Waswahili husema: "Meza dawa kabla hujala." Mwanafunzi wa shule huona ajabu, kwa nini pawe na kukanusha pasipo na kukataza? Lakini ndivyo isemwavyo, maana wakati wa kumeza dawa chakula kinakuwa bado hakijaliwa. "Kabla ya kula" pia ni sahihi. Lile lisilofaa ni "kabla ya wewe kula", ambalo lina harufu ya Kiingereza kilichokaushwa juani.

Juu ya bahasha ya dawa huandikwa mara nyingi 2 x 3. Msomaji akiisoma kwa sauti, "mbili mara tatu", amesoma hesabu. Na mtoto yeyote wa shule atakuambia mbili mara tatu ni sita. Kiswahili cha zahanati kimekwisha tupa usemi wake kwa jambo hili: "vidonge viwili, kutwa mara tatu". Kutwa ni mchana wote tangu kucha hata jua kuchwa. Lakini kwa mama anayekwenda nyumbani mbali, na asiye na mtu wa kumsomea, hata huo hautoshi. Mwambie: "Asubuhi viwili, adhuhuri viwili, usiku viwili." Maneno yameongezeka, lakini hakuna la kufasiri tena.

Halafu kuna salamu. Mturkana humsalimu mwenziwe "Ejoka?" na huitikiwa kwamba ni vyema, "Ejok," au "Ejok noi." Mswahili huuliza "Hujambo?" na kujibiwa "Sijambo", yaani sina jambo. Katika lugha zote mbili jibu la kwanza ni la adabu, si la habari. Mtu aliye na homa kali atajibu sijambo, kwa sababu hivyo ndivyo mtu huitikia mlango unapobishwa. Habari yenyewe hufuata baadaye: "Sijambo, ila mtoto hawezi." Mganga mwenye haraka anayeandika "mgonjwa asema hajambo", kisha akamwita mwingine, hakuwa amefika hata kizingitini.

Na hilo "hawezi" lenyewe limewapoteza wengi wa bara. Katika Kiswahili cha pwani cha tangu zamani, "siwezi" ni kusema "naumwa", na barua za zamani zimejaa habari kwamba mama hawezi na ami hawezi. Mtu wa bara akiisoma huuliza: hawezi nini? Hawezi kuja? Siku hizi ni salama zaidi kusema "anaumwa" au "ni mgonjwa", lakini usemi wa zamani yafaa ujulikane, maana wazee wa pwani wangali wanautumia.

Juu ya tumbo tutasema neno moja tu. Tumbo la mtoto halikimbii. Mtoto anahara, au anaharisha, au kwa staha, anaendesha.

Saa

Tangazo la Kiingereza husema mkutano utaanza saa 10 ya asubuhi kwa hesabu ya Kizungu, ambayo huanza katikati ya usiku. Mwenye kufasiri kwa haraka huandika "saa 10", na watu wa Kaaleng huja alasiri, wageni wamekwisha panda magari yao. Akiongeza neno "asubuhi" amezidi kuharibu, kwa maana saa 10 kabla ya jua kuchomoza ni wakati wa jogoo. Hesabu ya Kiswahili huanza na jua: mapambazuko ni saa 12, na saa inayofuata ni saa 1. Mkutano ule ulikuwa wa saa 4 asubuhi. Vijana wetu wenye simu za mkononi husoma 10 katika kioo na kutamka nne bila kufikiri, nao hawaoni kwamba wametenda jambo la ajabu. Hiyo ndiyo lugha iliyokomaa kichwani. Afadhali tangazo la baraza litaje pia alama ya jua, kama vile "asubuhi, mbuzi wakisha toka", kwa faida ya asiyekuwa na saa wala simu.

Silabi Moja Mbele ya Polisi

Kiswahili hakipendi vipande vidogo vidogo vya maneno vilivyotawanyika, kama "kwa", "juu ya", "kutoka kwa". Hupenda kuvishona ndani ya kitenzi. Mgeni ambaye hajazoea ushonaji huu huacha silabi moja, na silabi hiyo ndiyo iliyobeba kesi nzima.

Mtu ambaye mbuzi wake wamechukuliwa usiku huja kituoni na kusema: "Nimeibiwa mbuzi." Akisahau kipande kidogo cha katikati na mwisho, akasema "Nimeiba mbuzi," amekiri kosa. Hakuna lugha ya ishara wala ya huruma itakayofuta hayo yakisha andikwa na kutiwa kidole gumba. Vivyo hivyo "alinipigia" na "alinipiga". La kwanza siku hizi ni habari ya simu, la pili ni habari ya fimbo. Shahidi aliyekusudia kusema kwamba jirani yake alimpigia kumjulisha habari za wezi, akasema jirani alimpiga, amemtia jirani mashakani kwa wema wake.

Tazama tena haya mawili, ambayo kwa wafugaji ni ya kila mwezi. "Amehama Kaaleng" ni kuondoka Kaaleng. "Amehamia Kaaleng" ni kuja kukaa Kaaleng. Ikiwa chifu anaandika majina ya jamaa zitakazopewa msaada wakati wa ukame, irabu moja yatosha kuwaweka watu katika orodha ya mahali walikotoka, na kuwafuta mahali walipo. Na "amekimbia polisi" ni mtu wa kutafutwa, lakini "amekimbilia polisi" ni mtu wa kulindwa.

Kwa hiyo twawashauri makarani na polisi walioko mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya kujifunza: mtu akisema neno la kumhukumu nafsi yake, mwulizeni tena kwa njia nyingine kabla ya kuandika. "Mbuzi ni wa nani? Wako wapi sasa? Nani aliyewachukua?" Maswali matatu mafupi yatatoa kweli iliyofichwa na kitenzi kilichokatika.

Ushonaji huu wa maneno, ambao ni hatari kwa mgeni, ndio pia utamu wa lugha. Mtu asema "Nimefiwa na baba", naye amejitaja mwenyewe kuwa ndiye aliyepatwa na msiba, nasi twajua mara moja kwamba yampasa kuambiwa pole. Ukisema "Baba yangu amekufa", umetoa habari ya baba tu. Tuliokuwa njiani mvua ikatukuta, "tumenyeshewa". Jua likituchwea kabla ya kufika, "tumechwewa". Kwa neno moja mtu, mvua na njia vimefungwa pamoja. Na lile neno "pole" tulilolitaja, tafadhali msilifasiri kwa Kiingereza na kulirudisha, likienda huko hurudi limekuwa ombi la msamaha, na mtu humwuliza aliyempa pole, "Kwani ni wewe uliyeniangusha?"

Kiswahili Kimetoka Wapi, na Ni cha Nani

Misafara ya watu wa pwani ilikwisha fika pande za Turkana kutafuta pembe za ndovu kabla ya mwaka 1900. Kwa hiyo Kiswahili si mgeni wa jana huko. Lakini Kiswahili cha vitabu tunachofundishwa kina kuzaliwa kwake. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ilichaguliwa lahaja ya Unguja, yaani Kiunguja cha mji, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya nchi nne, Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, ya kusimamia vitabu na tahajia. Kwa sababu hiyo misemo mingi ya Kiswahili ina chumvi ya bahari. Mambo yakiharibika "yameenda mrama", na mrama ni kuyumba kwa chombo baharini. Mtu akitulia mahali "ametia nanga". Mnyonge naye huambiwa kwamba dau lake haliendi joshi.

Je, mtu wa Kaaleng ambaye hakuona jahazi maishani mwake aseme mambo yake yameenda mrama? Kwa maoni yetu, aseme. Msemo haumtaki mtu awe baharia. Wamtaka tu ajue unapofaa. Lakini kama anataka misemo iliyo karibu na boma lake, Kiswahili hakikumnyima. Fahali wawili hawakai zizi moja. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Hiyo ya pili yafaa zaidi kwa Mturkana kuliko kwa mtu wa Mombasa, maana ng'ombe wa Turkana ni wa nundu, na mwenye kuwachunga anajua kwamba nundu huonyesha kama mnyama ameshiba au ana njaa. Nao vijana wa Kenya hupenda kusema "kumpigia mbuzi gitaa", yaani kumweleza jambo asiyetaka kusikia. Sisi twauona msemo mzuri, na mbuzi wa Kaaleng hawatakosa kukubali.

Tena, lugha ya mama si kikwazo wakati wote. Ng'aturkana hutanguliza kitenzi, kisha mtenda. Mwalimu aliyefunzwa kwa Kiingereza akimsikia mwanafunzi akisema "Amekuja mzee" humsahihisha aseme "Mzee amekuja". Mwalimu huyo amemwonea mtoto. Pale mtu anapotoa habari mpya, Mswahili mwenyewe husema "Wamekuja wageni", "Amekufa ng'ombe", "Imenyesha mvua". Hapo Mturkana yuko karibu na Unguja kuliko mwalimu wake. Vile vile, maji kwa Ng'aturkana ni ng'akipi na maziwa ni ng'akile, yote mawili kwa umbo la wingi. Kwa hiyo mtoto wa Kaaleng hastaajabu kusikia "maji haya" na "maziwa haya", hali wageni kutoka ng'ambo hutaabika nayo miezi. Na kama ni mfugaji, afurahi pia kujua kwamba "mbuzi zangu wamepotea" ni Kiswahili safi: umiliki huchukua "zangu", na kitenzi huchukua "wa" kwa kuwa ni viumbe wenye uhai.

Kakuma ni habari nyingine. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, na tena tangu makao ya Kalobeyei yalipoanzishwa karibu yake mwaka 2016, wamekutana huko watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Burundi na Kongo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha wao kwa wao na pamoja na wenyeji. Lakini Kiswahili cha Kongo kina njia zake. Mkongo akikuambia "tosha ile kitu", anataka ukiondoe. Mwaka 2002, katika uwanja wa Uhuru Park, Nairobi, Raila Odinga alitamka maneno mawili, "Kibaki tosha", na Kenya nzima ikaelewa kwamba Mwai Kibaki afaa kuwa mgombea wa urais. Wenye sarufi walinung'unika kidogo, kisha wakanyamaza, kwa kuwa umma ulikuwa umekwisha yapokea. Hebu fikiri Mkongo asiyejua mambo ya Kenya angeyasikiaje maneno hayo hayo! Katika mahali kama Kakuma, mwenye kusema na watu na achague neno lisilo na mlango wa nyuma: ondoa, toa, inatosha, anafaa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imesema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Ibara hiyo hiyo yaitaka serikali pia kukuza lugha nyingine za wananchi. Yaani mzee wa Kaaleng ana haki ya kuelezwa mambo ya serikali yake kwa Kiswahili kinachoeleweka, na lugha yake mwenyewe ina heshima yake. Kumtupia Kiingereza kilichovishwa kanzu si kumtimizia haki hiyo.

Namna ya Kujipima

Watu hutuuliza: nitajuaje kwamba nilichoandika ni Kiswahili hasa? Kamusi haiwezi kukuambia, kwa sababu kila neno la "kamati imekuja juu" limo katika kamusi. Twajua njia moja ambayo haijatuangusha. Soma karatasi ya Kiingereza mpaka uielewe, kisha ifunike. Usiitazame tena. Mweleze jambo hilo kwa mdomo mtu aliye karibu, kama unavyomweleza jirani habari za soko, halafu andika ulivyosema. Baada ya hapo, mpe maandishi hayo mkalimani wa Ng'aturkana ambaye hakuiona karatasi ya kwanza, ayaeleze kwa mtu wa tatu. Mtu huyo wa tatu na akurudishie wewe kwa Kiswahili alichosikia. Kama akirudi na saa nyingine, au na kamati yenye hasira, utajua mahali pa kutengeneza kabla baraza halijakusanyika. Kazi hii yaweza kuchukua nusu saa, nasi tumeona watu wakiiona kuwa ni upotevu wa wakati. Hao hao ndio wenye kuitisha baraza la pili kueleza lilichosema la kwanza.

Nao wakalimani wasitupiwe sentensi za mistari mitano. Sema jambo moja, nyamaza, mwache aseme, kisha endelea. Aliyekuwa akisikiliza Kiswahili na kutamka Ng'aturkana kwa saa mbili juani amefanya kazi ya watu wawili, naye apewe maji.

Zoezi

Sentensi tano zifuatazo zimevaa nguo za kuazima. Walimu waweza kuwapa wanafunzi wa gredi ya 7 na 8, na watu wazima wajipime jioni. Ya kwanza: "Tafadhali andika barua kwa mimi." Ya pili: "Chifu atashikilia mkutano Jumatano." Ya tatu: "Tunaangalia mbele kukuona." Ya nne: "Mvua ilinyesha juu yetu kutoka Lokitaung." Ya tano: "Mzee huyu ana miaka mingi sana na bado ana nguvu."

Majibu yetu ni haya, ingawa mtu aweza kupata mengine yaliyo mazuri. "Tafadhali niandikie barua." "Chifu atafanya baraza Jumatano." "Twangojea kwa hamu kukuona." "Tulinyeshewa tangu Lokitaung." Na ya tano haina kosa lolote la sarufi, tumeiweka makusudi, ila mtu wa pwani angesema, "Mzee huyu amekula chumvi nyingi, na nguvu zake zingalipo," na mkalimani wa Kaaleng, tafadhali, asifasiri kwamba mzee anapenda chumvi.